SOMO LA TARAKILISHI: KERO ZAKE, RAHA ZAKE NA KISWAHILI CHETU

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Leo nataka tumzungumzie mgeni mmoja aliyeingia katika shule zetu za Migori na Homa Bay, akapewa chumba chake mwenyewe chenye vyuma madirishani na kufuli mbili mlangoni. Mgeni huyo ni tarakilishi.

Huenda ukauliza, "Mwalimu, hili si somo la Chama cha Kiswahili. Hili ni la maabara ya kompyuta." Ngoja kwanza. Insha zenu, tamthilia zenu, hata jarida hili lenyewe, zote hupitia katika mashine hiyo. Mlezi wa chama anayeandika kwa mashine asiyoielewa ni kama mvuvi anayeingia ziwani kwa mtumbwi asiojua unavuja wapi. Basi tuanze.

I. MAJINA YA MGENI NA VIUNGO VYAKE

Mgeni huyu ana majina mengi. Wengi humwita kompyuta. Katika vitabu vya shule nchini Kenya utakuta jina tarakilishi, ambalo huelezwa kuwa limeundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili. Wapo pia wanaosema ngamizi. Ukiandika insha, chagua jina moja ulishike hadi mwisho. Si vizuri kuanza na kompyuta, katikati ukawa na ngamizi, ukamalizia na tarakilishi, mtahini akadhani una mashine tatu.

Kile kioo unachotazama ni kiwambo au skrini. Kile cha kuchapia ni kibodi, au baobonye, au kicharazio. Kile kidude unachokisukuma mezani ni kipanya, na wengine hukiita puku. Kipanya kilibuniwa na Mmarekani Douglas Engelbart katika miaka ya 1960, naye akakionyesha hadharani tarehe 9 Desemba 1968. Cha kwanza kilikuwa cha mbao! Kwa hiyo usicheke kipanya cha maabara yenu kwa sababu kimefungwa utepe.

Hebu sasa uchunguze kibodi ya zamani shuleni mwenu. Utaona jambo la ajabu. Herufi A imefutika kabisa, lakini Q na X zinang'aa kama siku ziliponunuliwa. Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili hakitumii Q wala X, na A ndiyo herufi inayotumika zaidi katika lugha yetu. Soma sentensi yoyote: "Mama amepata samaka..." la, samaki! Umeona? Hata mkono wangu umezoea A.

Mpangilio huu wa herufi ulitokana na taipureta ya Mmarekani Christopher Sholes, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874. Sholes alikuwa akifikiria Kiingereza. Ndiyo maana A yetu, inayofanya kazi kuliko herufi zote, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kabisa. Ukichapa kurasa kumi za Kiswahili na kidole hicho kikauma, usidhani u mvivu. Kibodi haikutengenezwa kwa ajili ya lugha yako.

II. KERO ZA MWANDISHI WA KISWAHILI

(i) Mstari mwekundu

Umechapa ukurasa mzima wa insha safi. Ukiinua macho, lo! Ukurasa umejaa mistari myekundu kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Programu inakwambia umekosea kila neno. Mwanafunzi mmoja alinijia karibu kulia. "Mwalimu, mashine imenipa sufuri."

Tulitazama pamoja ukurasa wake. Maneno yaliyosalimika yalikuwa machache: mama, safari na pole. Nikamweleza kuwa si kwamba yeye ameyaandika vizuri kuliko mengine. Ni kwamba maneno hayo yamo pia katika kamusi ya Kiingereza. Mashine ilikuwa ikisahihisha Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza. Ni kama kumpeleka mtu wa Kendu Bay mbele ya hakimu asiyejua lugha yake wala kuwa na mkalimani.

Dawa yake ni hii: chagua maandishi yote, ingia mahali pa kuweka lugha, kisha uchague Kiswahili kama kimo, au uamuru tahajia isikaguliwe.

Hata hivyo, usidhani kikagua tahajia cha Kiswahili ni kazi rahisi kukiunda. Chukua kitenzi soma. Kutokana nacho unapata anasoma, walisomeana, tusiposomeshwa, nitakapomsomea. Hilo la mwisho, nitakapomsomea, ni neno moja tu lakini lina nafsi, wakati, kirejeshi, kitendwa, mzizi na kauli ya kutendea. Mwingereza angehitaji maneno matano au sita. Mzizi mmoja wa Kiswahili huzaa maneno maelfu, na hakuna anayeweza kuyaorodhesha yote mojamoja. Ni lazima mashine ifundishwe sarufi.

Na hata ikifundishwa, haitakuokoa na kila kosa. Sisi wa upande huu tuna mitego yetu tuliyopewa na lugha za mama. Dholuo haina sauti ya sh, kwa hiyo baadhi yetu huandika "mama alisuka garini" badala ya "mama alishuka garini." Rafiki zetu wa Kuria nao hukwazwa na l na r, wakaandika "nimenunua karamu mpya" wakimaanisha kalamu. Mashine itanyamaza kimya! Suka ni neno. Karamu ni neno. Haijui kwamba mama hawezi kujisuka ndani ya matatu ya Rongo, wala kwamba karamu haitiwi mfukoni. Jicho lako ndilo mkaguzi wa mwisho.

(ii) Mashine yenye kiherehere

Kero ya pili ni ile tabia ya mashine kurekebisha usichoiambia irekebishe. Nilikuwa nikichapa maswali ya mtihani. Nikaandika (a), nikaandika (b). Nilipofika (c), ikageuka papo hapo ikawa ile alama ya haki ya kunakili, ©. Nikafuta, nikaandika tena. Ikageuka tena. Nikaipiga meza. Haikujali.

Tena ukiandika "k.m. mtoto," mashine huona nukta, ikadhani sentensi imekwisha, ikaandika "k.m. Mtoto" kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo kwa n.k. na k.v.

Dawa yake ni tamu. Mara tu mashine inapogeuza, bonyeza Ctrl pamoja na Z. Itarudisha ulichoandika wewe, na itanyamaza. Ukitaka kuikomesha kabisa, ingia katika mipangilio ya kujisahihisha. Hapo unaweza kuiondoa hiyo (c), na unaweza kuongeza k.m. na n.k. katika orodha ya vifupisho visivyofuatwa na herufi kubwa.

Wale waliotumia Microsoft Word ya 1997 hadi ya 2003 watakumbuka pia kibanio cha karatasi chenye macho, kilichokuwa kikitokeza pembeni na kukuuliza kama unaandika barua. Kilitaka kusaidia, maskini, lakini kilikuwa kama jirani anayechungulia dirishani wakati unakula. Kampuni ilikiondoa katika toleo la 2007.

(iii) Tafuta na ubadilishe

Hii ni raha na kero kwa pamoja. Mwanachama mmoja aliandika hadithi ya wavuvi wa Mbita. Baada ya kurasa nane akaamua kwamba mhusika wake, aliyemwita "mtu," afadhali awe "mwanafunzi." Akaiamuru mashine ibadilishe pote. Dakika haikuisha, kazi ikawa tayari. Akaja nayo mbio.

Nikasoma: "Alfajiri wavuvi walipanda mwanafunzimbwi." Nikauliza, "Omera, mwanafunzimbwi ni mnyama gani?" Darasa likaangua kicheko. Kumbe mashine ilikuta herufi m-t-u ndani ya neno mtumbwi, ikatii amri! Mtungi nao ukawa mwanafunzingi, na mtumishi akawa mwanafunzimishi.

Dawa ni kuiambia itafute neno zima peke yake. Lakini hapo nako kuna mtego mwingine, na huu ndio mtego wa Kiswahili hasa. Tuseme unabadilisha mtumbwi kuwa boti. Mashine itakuandikia: "Boti ulizama." Kosa! Mtumbwi uko katika ngeli ya U-I, kwa hiyo mtumbwi ulizama. Boti iko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo boti ilizama. Mashine ilibadilisha nomino, ikaacha kitenzi, kivumishi na kimilikishi vikining'inia. Haijui upatanisho wa kisarufi. Wewe unaujua. Basi kila baada ya kubadilisha, soma tena tangu mwanzo.

III. STIMA, FLASHI NA SAIBA

Anayeishi katika ukanda huu wa ziwa hahitaji kuambiwa habari za radi. Mawingu hujikusanya alasiri, upepo huvuma, na kabla tone la kwanza halijagonga bati, stima imekwenda zake. Uliyekuwa umechapa kurasa tatu bila kuhifadhi umebaki ukiangalia sura yako mwenyewe katika kiwambo cheusi. Maumivu hayo hayana jina katika kamusi yoyote.

Programu nyingi za kuandikia hujihifadhia nakala ya dharura. Word, isipobadilishwa, hufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Lakini katika dakika kumi mtu anaweza kuandika aya yake bora kuliko zote! Kwa hiyo zoea Ctrl na S kila unapomaliza aya. Liwe jambo la mkono, si la kufikiria, kama vile unavyofunga mlango bila kujua umeufunga. Shule ikiweza, inunue kifaa cha betri cha kukaa kati ya stima na mashine. Kinakupa dakika chache tu, lakini dakika hizo zatosha kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Radi ikianza kunguruma, chomoa nyaya kabisa.

Kisha kuna safari ya kwenda saiba kuchapisha. Umeipanga kazi vizuri shuleni, kichwa juu, picha katikati. Unafika mjini, unachomeka flashi, na kazi inafunguka ikiwa imevurugika. Kichwa kimeshuka, picha imehamia ukurasa wa pili. Sababu ni kwamba mashine ya saiba haina aina ya hati uliyotumia, au ina toleo jingine la programu. Wakati mwingine haifunguki kabisa. Word ilibadilisha umbo la faili zake mwaka 2007, na matoleo ya kabla yake hayakuweza kulisoma umbo jipya bila kuongezewa kisaidizi. Dawa: kabla ya kutoka shuleni, hifadhi nakala ya pili katika umbo la PDF. Hiyo ni kama picha ya ukurasa. Itafika Homa Bay ilivyotoka Muhuru.

Na ukirudi kutoka saiba ukakuta mafolda yote katika flashi yamegeuka vijinjia vya mkato visivyofunguka, usilie wala usifute kitu. Hicho ni kirusi. Mara nyingi kazi zako bado zimo, zimefichwa tu. Mpelekee anayejua, azifichue na kuisafisha flashi. Wengi wamepoteza kazi si kwa sababu ya kirusi, bali kwa sababu ya haraka ya kufuta.

IV. JEDWALI, NA SIKU NILIYOAIBIKA

Sasa nifikie programu za majedwali, kama vile Excel. Mama wa programu hizi aliitwa VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979. Waliomzaa ni Dan Bricklin na Bob Frankston. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara huko Harvard. Alimwona mwalimu akifuta nambari moja ubaoni, kisha ikambidi afute na kuandika upya nyingine nyingi zilizoitegemea. Akawaza: kwa nini ubao usijihesabie wenyewe? Kila mwalimu aliyewahi kujumlisha alama za wanafunzi arobaini kwa kalamu anaijua kiu hiyo.

Lakini jedwali lina hila zake. Andika 7/10 kama alama ya imla, nalo litakuandikia tarehe ya mwezi wa Oktoba au ya Julai, kwa kutegemea lilivyopangwa. Andika nambari ya simu inayoanza na 0712, na ile sufuri ya mbele itapotea. Ukitaka libaki kama ulivyoandika, tanguliza kiapostrofi, alama ileile tunayoitumia katika ng'ombe. Ukichapa herufi O badala ya sufuri, 4O badala ya 40, jumla haitaihesabu alama hiyo, na mtoto wa watu atapoteza alama arobaini bila mtu kujua. Jinsi ya kutambua: kwa kawaida tarakimu hujipanga upande wa kulia wa kisanduku, na maneno upande wa kushoto. Ukiona alama imekwenda kushoto peke yake, ichunguze. Tena ujue kwamba kisanduku kitupu hakiingizwi katika wastani, lakini sufuri huingizwa. Aliyekuwa mgonjwa hospitalini si sawa na aliyepata sufuri.

Haya nimeyajua kwa shida. Sikilizeni kisa changu.

Mwaka 2013, katika shule moja ya upande wa Migori, nilipewa kazi ya kuandaa matokeo ya kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa 43. Nilikuwa nimewaorodhesha kwa nambari zao za usajili. Usiku, nikiwa nimechoka, nikaona afadhali majina yapangwe kialfabeti. Nikaichagua safu ya majina, nikabonyeza kitufe cha kupanga. Kidirisha kikatokea na maneno marefu. Sikuyasoma. Nikateua chaguo mojawapo na kukubali ili nikalale. Majina yakajipanga vizuri, A hadi Z. Nikahifadhi, nikafunga, na asubuhi nikachapisha.

Ripoti zikaenda nyumbani. Kijana mmoja, ambaye daima alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza, alikuwa na 31 katika Kiswahili. Akaja kwangu. "Mwalimu, hizi si alama zangu." Nikamwambia, "Kijana wangu, mashine haidanganyi. Jitahidi muhula ujao." Shule ikamwagiza alete mzazi aeleze kilichomfanya ateremke hivyo.

Mama yake akatoka Mbita. Alipanda gari hadi mjini Homa Bay, akapanda jingine hadi Rongo, akapanda la tatu hadi Migori. Aliacha omena juani chini ya uangalizi wa jirani. Alipofika hakuketi. Alifungua kitambaa, akatoa karatasi za mtihani za mwanawe, zimekunjwa vizuri. Ile ya Kiswahili ilikuwa na 78, kwa kalamu yangu nyekundu, kwa mwandiko wangu.

Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mashine ndiyo iliyosahihisha mtihani huu?"

Nikajibu, "Hapana, mama. Nilisahihisha mimi."

Akasema, "Basi mbona unauamini mkono wake kuliko wako?"

Sikuwa na jibu. Tukaenda pamoja maabara. Nikafungua lile jedwali, nikachukua daftari langu la alama, nikalinganisha mstari kwa mstari. Nikahisi jasho likinitoka. Majina yalikuwa yamehama, alama zimebaki palepale! Karibu kila mtoto alikuwa amevaa alama za mwenzake. Aliyekuwa wa mwisho alikuwa ameshangiliwa nyumbani kwao, na huyu alikuwa ameitiwa mzazi.

Kile kidirisha nilichokikubali bila kukisoma kilikuwa kikiniuliza swali la maana. Kilikuwa kikisema, kwa ufupi: kuna data nyingine kando ya safu hii, je, niipange pamoja nayo, au niendelee na safu hii peke yake? Mimi nikachagua peke yake. Mashine ilinionya. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Ctrl na Z haikunisaidia, maana faili lilikwisha kufungwa. Kilichoniokoa ni lile daftari la karatasi. Nilikaa hadi usiku nikiingiza alama upya, ripoti zote 43 zikachapishwa tena, nami nikasimama mbele ya darasa nikaomba radhi. Yule kijana nilimwomba radhi peke yake pia, mbele ya mamake, kabla hajapanda gari. Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Haya mwalimu, sasa niwahi omena zangu." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo, wanachama, shikeni sheria tatu za jedwali. Kwanza, usipange safu moja peke yake; chagua jedwali zima. Pili, kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine. Tatu, chukua majina matano popote katika orodha, uyalinganishe na karatasi zenyewe. Dakika tano tu. Na mtu akikwambia alama si zake, usimjibu kwamba mashine haidanganyi. Ni kweli haidanganyi. Lakini haijui ukweli pia. Inajua amri tu.

V. RAHA NDOGONDOGO

Nisiwatishe mno. Baada ya kero kuna raha, na raha hizi ndizo zinazotufanya turudi maabara.

Raha ya kwanza ni kutendua. Zamani majarida kama haya yalichapwa kwa taipureta juu ya stensili. Kosa moja lilihitaji rangi ya kurekebishia, uipulizie ikauke, kisha uchape juu yake ukiomba Mungu. Leo Ctrl na Z hufuta kosa kana kwamba halikutendeka. Laiti maneno yatokayo kinywani nayo yangekuwa na kitufe hicho!

Raha ya pili ni kukata na kubandika. Mmoja wa waliotuundia mbinu hii ni Larry Tesler, akifanya kazi katika maabara ya Xerox huko Marekani katika miaka ya 1970. Alifariki mwaka 2020. Kabla yake, mwandishi aliyetaka kuhamisha aya alichukua mkasi na gundi kweli. Jaribu jambo hili katika insha yako: chukua aya ya mwisho uiweke mwanzo. Mara nyingi utaona kwamba insha yako halisi ilikuwa ikianzia pale.

Raha ya tatu ni ya mwanasarufi. Fungua kazi ndefu, kisha utafute herufi s-o-m. Mashine itakuonyesha anasoma, wasomaji, somo, msomi, kisomo na masomo, yote kwa rangi. Huo ndio mzizi ukitembea mbele ya macho yako, bila kitabu cha mofolojia. Itakuonyesha na Somalia pia, nawe utacheka.

Raha ya nne ni kuchapisha. Hakuna aliyezoea kiasi cha kutofurahi pale karatasi inapotoka ikiwa bado vuguvugu, na jina lako liko juu.

VI. JE, MASHINE YAWEZA KUSEMA KISWAHILI?

Yaweza, na imekwisha kusema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyo katika Kiswahili na inayotolewa bure. Baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows na ya Office. Programu ya bure ya LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ina kamusi ya kukagulia tahajia ya Kiswahili.

Mbona basi shule nyingi bado zinatumia Kiingereza tu katika mashine? Nimewauliza wanafunzi, wakaniambia, "Mwalimu, tukiona hifadhi, tendua na bandika tunachanganyikiwa." Ajabu! Neno la lugha tunayonunulia sukari Awendo na kupatanishia bei mpakani Isebania ndilo linatuchanganya. Ni mazoea tu. Ukiitumia kwa majuma mawili, tendua litakuwa rahisi kama kutandua kitanda.

HITIMISHO

Mpenzi msomaji, tarakilishi ni mtumishi mwepesi lakini hana huruma wala busara. Hajui ngeli, hajui kama karamu ni kalamu, na hajui kwamba kuna mama aliyeacha omena juani. Hayo ni yako wewe kuyajua. Hifadhi mara kwa mara, soma kidirisha kabla ya kukikubali, na usitupe daftari lako la karatasi. Haraka haraka haina baraka, hata ikiwa na stima.

ZOEZI

1. Mashine imebadilisha "gari" kuwa "matatu" katika sentensi hii: "Matatu lile jeupe liliharibika Rongo." Isahihishe, kisha utaje ngeli mbili zinazohusika.

2. Taja maneno mawili yatakayoharibika ukibadilisha "baba" kuwa "mzee" bila kuchagua neno zima. (Dokezo: fikiria barabara na babaika. Ni lipi kati yao litakaloharibika, na ni lipi litakalosalimika? Kwa nini?)

3. Tunga sentensi mbili ambazo kikagua tahajia kitazipitisha ilhali zina kosa la maana, moja la s na sh, nyingine la l na r.

4. Changanua neno nitakapomsomea katika viambishi vyake.

5. "Mashine haidanganyi." Jadili kauli hii kwa kurejelea kisa cha mama wa Mbita. (Alama 20. Andika kwa kalamu kwanza!)